Hajjati si mke wa Hajji: majina ya heshima kwenye bahasha ya harusi

Kadi zikishatoka kwa wachapaji wa Nasser Road kamati ya harusi inakaa kuandika bahasha, na hapo ndo kuna kitu nakisikia kila msimu wa harusi hapa Kampala na sasa naona bora nikiseme. Mmoja anasoma orodha, "Hajji Musa na mke wake", mwenye biro anaandika HAJJI NA HAJJATI MUSA, bahasha inafungwa, twende kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza kama yule mama ameshaenda Makka.

Maana yenyewe ni fupi. Hajji ni mwanaume aliyehiji, Hajjati ni mwanamke aliyehiji. Ndoa haimo kabisa. Mke wa Hajji ambaye hajahiji si Hajjati, na mwanamke aliyehiji ni Hajjati ata kama mume wake hajawahi kuona ndege ya Entebbe kwenda Saudia, ata kama hana mume.

Na kuhiji si kufika Makka tu. Hija ina siku zake, inaanza tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, mwezi wa hija wa Kiislamu, na tarehe 9 lazima usimame kwenye uwanja wa Arafa, ukikosa Arafa huna hija mwaka huo. Ndo maana mtu aliyeenda umra, hija ndogo, ambayo unaweza kwenda karibu mwezi wowote, bado haitwi Hajji. Ukiangalia ilo neno lenyewe kwa Kiarabu utaona linamtaja mtendaji: hajj mwanzoni ni kukusudia, kufunga safari kwenda mahali, na anayefanya iyo safari ni haaj akiwa mwanaume, haaja akiwa mwanamke. Ile t tunayoisikia mwishoni mwa Hajjati ni alama ya kike ya Kiarabu, inasema aliyesafiri ni mwanamke, haisemi ameolewa na nani. Mama amekusanya pesa miaka mingi, amelima, ameuza matoke, amevumilia jua la Arafa na msongamano wa Mina, alafu sisi tunampa jina ilo ilo mtu ambaye hajatoka Wandegeya kwa sababu tu mume wake alienda. Hatumheshimu yeyote hapo. Yule aliyehiji tunamdharau, na yule ambaye hajahiji tunamtia aibu mbele ya Waislamu wenzake wanaojua ukweli, bahasha inasomwa na watu wengi bana.

Kosa ni ilo ilo kwa Ssalongo na Nnalongo. Kwa Kiganda abalongo ni mapacha, Ssalongo ni baba wa mapacha na Nnalongo ni mama wa mapacha, yaani ni uzazi, si ndoa. Ukienda Tooro na Bunyoro unaona wazi zaidi manake wanasema Isebarongo na Nyinabarongo, na uyo nyina ndo nina yetu ya kwenye mashairi ya Kiswahili, mama. Sasa Ssalongo akioa mke mwingine ambaye hajazaa mapacha, uyo mke ni mke wa Ssalongo, si Nnalongo. Nnalongo ni yule aliyewazaa wakina Wasswa na Kato, majina ya mapacha wa kiume, na anabaki Nnalongo ata wakiachana, ata akiolewa kwingine na mtu ambaye si Ssalongo. Nimeshaona bahasha moja inaitwa SSALONGO NA NNALONGO, inapelekwa kwa mke mdogo, na Nnalongo mwenyewe yuko Mukono na hajapata kadi. Kwa watu wa nje ni karatasi tu, lakini Buganda mapacha wana sherehe zao na miiko yao na wazazi wao wanapewa ilo jina mbele ya ukoo, si kitu cha kugawa.

Nafikiri tunakosea kwa sababu tumezoea "Mr na Mrs" ya shuleni, ambapo jina la mume linamfunika mke, basi tunadhani kila jina la heshima linafanya kazi ivo. Ata uko Uingereza zamani Mrs haikuwa ya mke tu, ilitoka kwa neno la bibi mwenye mamlaka, na miaka ya 1700 mwanamke mwenye biashara yake au anayesimamia nyumba kubwa aliitwa Mrs ata kama hajaolewa. Na hapa kwetu ndo inakaa vibaya zaidi, manake mume na mke wa Uganda kwa mila hawana jina moja. Muganda haoi ndani ya ukoo wake, kwa hiyo jina la ukoo la mke ni la ukoo mwingine. Magharibi Mugisha ni jina aliyopewa mtoto, baba yake anaweza kuwa na jina lingine kabisa. Uko Kaskazini Okello ni mvulana aliyezaliwa baada ya mapacha na Akello ni msichana aliyezaliwa baada ya mapacha, sasa ukiandika "Okello na Akello" ukidhani umeandika bwana na bibi, umeandika watu wawili ambao labda hawajuani.

Hii ya kuandika "na familia" kwenye bahasha sitakaa nayo. Ukiandika umewaita mpaka watoto, kama chakula hakitoshi usiandike.

Dokta ni vile vile, daktari ni aliyesoma, mke wa Dokta anaweza kuwa mwalimu, na yeye akiwa ndo Dokta basi ni "Dkt. Zaina na Bwana Musa", hakuna ubaya wa jina lake kutangulia.

Kwa hiyo ssebo, nyabo, yaani bwana na bibi, ukiwa na biro mkononi na ukaona "Hajji na mke wake" kwenye orodha, simamisha kidogo, piga simu kwa aliyeleta ilo jina, uliza mama anaitwa nani na kama amehiji. Simu ya dakika moja tu. Kama hajahiji andika "Hajji Musa na Bi. Zaina", ni heshima kamili, jina lake lipo. Kama hamjapata jibu na kadi zinatoka kesho, Bi. na jina lake inatosha, haitamuudhi mtu, na akiwa ni Hajjati atawaambia mwenyewe mrekebishe kwenye orodha ya mlangoni.