Kalyanji-Anandji: yale watu wanayodhani, na ukweli ulivyo

Kwenye picha za Kihindi za zamani sifa zote anabeba steringi, zikibaki kidogo anapewa mwimbaji, na aliyetunga muziki wenyewe jina lake linapita kwenye skrini mwanzoni kabisa wakati watu bado wanatafuta pa kukaa. Ndo maana hawa Kalyanji-Anandji, waliotunga muziki wa Don, Muqaddar Ka Sikandar, Qurbani, Laawaris, Tridev na nyingine kibao, wamezungukwa na stori za ajabu ajabu, nyingine za kuwapunja, nyingine za kuwapa kisichokuwa chao. Napitia zile ninazokutana nazo sana.

"Kalyanji-Anandji ni jina la mtu mmoja"

Hapana bwana, ni ndugu wawili wa damu. Mkubwa Kalyanji Virji Shah, kazaliwa 1928 kafariki 2000, na mdogo wake Anandji, wa 1933. Kinachowachanganya watu ni kwamba Bombay (Mumbai ya leo) enzi zile ilijaa watunzi wa wawili wawili, na wengi wao sio ndugu kabisa. Shankar-Jaikishan kwa mfano walikutana tu kwenye kazi (na Jaikishan naye Mgujarati, wa Bansda). Laxmikant-Pyarelal vilevile ni marafiki, na hao kabla hawajawa mabosi walikuwa wasaidizi wa hawa hawa Kalyanji-Anandji, kitu ambacho mashabiki wa Laxmikant-Pyarelal huwa hawapendi sana kukumbushwa.

Halafu kuna ndugu wa tatu anasahaulika kila siku: Babla, fundi wa ngoma, ambaye yeye na mkewe Kanchan ndio waliotamba na disko dandia (ngoma ya fimbo ya Kigujarati iliyotiwa mapigo ya disko) na muziki wao ukapendwa sana na Wahindi wa Trinidad na visiwa vya kule. Ile "Hot Hot Hot" ya Arrow, mwimbaji wa visiwa vya Karibiani, walishaiimba kwa Kihindi.

"Walitoka kwenye ukoo wa wanamuziki"

Baba yao alikuwa muuza duka. Virji Shah alitoka Kutch, magharibi ya India, akaenda Bombay akafungua duka la vyakula mtaa wa Girgaum, basi. Muziki uliingiaje? Stori yenyewe inayosimuliwa ni kwamba kulikuwa na mteja mmoja mwalimu wa muziki, anakopa tu dukani na hela ya kulipa hana, ikabidi wakubaliane deni lilipwe kwa kufundisha watoto wa mwenye duka. Yaani daftari la madeni ndo lilianzisha yote. Na huyo mwalimu inasemekana hata mwenyewe hakuwa fundi kivile.

Hapo hapo niseme kidogo kuhusu ile ya "Wagujarati wa jimbo la Gujarat". Kwa leo ni sawa, ila wakati wanazaliwa jimbo hilo halikuwepo, limekuja kuundwa tarehe 1 Mei 1960, na Kutch ilikuwa na mtawala wake. Wao ni Wakachi, hao hao ambao watu wa Unguja, Mombasa na Dar tumekaa nao mtaa mmoja miaka nenda rudi, na Kikachi chao kiko karibu zaidi na Kisindhi kuliko Kigujarati. Sasa jiulize ni mara ngapi tumeimba nyimbo za hawa jamaa tukiwa tumesimama mbele ya duka la Mkachi na hatuna habari.

"Zumari la nyoka kwenye Nagin ni zumari la kweli"

Hii ndo naipenda kuliko zote. Nagin ni picha ya 1954, na ule mlio wa mchezesha nyoka uliomo humo umenakiliwa mpaka umechakaa, hadi leo mtu akitaka kuchekesha watu kwa kucheza kama nyoka, anaunyanyua mlio ule ule puani. Wengi wanaamini alitafutwa mchezesha nyoka mwenyewe na zumari lake la kibuyu akaletwa studio. Hakuletwa mtu. Ule ni mlio wa Clavioline, kinanda cha umeme alichokibuni Mfaransa Constant Martin mwaka 1947, na aliyekipiga ni Kalyanji, akiwa bado mpigaji wa kukodiwa tu wala hajawa mtunzi wa picha.

Kile kinanda chenyewe ni kidogo, kinakaa na boksi lake la spika pembeni, kina vibonye vya kubadilisha rangi ya sauti na kuitetemesha, na chini kuna kijiti unakisukuma kwa goti kupandisha na kushusha sauti. Hakitoi sauti mbili kwa wakati mmoja, ni noti moja moja tu, ambayo kwa mtu mwingine ni kasoro ila kwa kuigiza zumari ndo ulikuwa unakitaka hicho hicho, maana hata zumari wimbo wake unakwenda noti moja moja, sauti inabana puani na kuteleza. Ravi, mwanamuziki mwenzake, naye akawa kwenye harmoniamu, ambayo ina vile vimwanzi vyake vya ndani vinavyotoa mlio mkavu kama wa mwanzi wa zumari. Ukichanganya vile viwili, ndo nyoka wako huyo. (Nyoka mwenyewe kwa taarifa yako hana sikio la nje, anachofuata ni zumari linavyoyumba mbele ya macho yake, kwa hiyo zile hadithi za nyoka kuingia ukumbini kusikiliza wimbo tuziache.)

Ila sasa msimpe Kalyanji zaidi ya chake: mtunzi wa muziki wa Nagin ni Hemant Kumar, na tuzo ya Filmfare (moja ya tuzo kubwa za picha za Kihindi) alichukua yeye. Kalyanji kuanza kutunga mwenyewe ni 1958 na Samrat Chandragupta, mwaka unaofuata ndo Anandji akaingia rasmi na majina yakaunganishwa.

"Amitabh anaimba mwenyewe"

Kwenye Don ya 1978 Amitabh anachezesha mdomo tu, koo ni la Kishore Kumar. Ule wimbo wa kutafuna tambuu, "Khaike Paan Banaraswala", hata haukuwepo kwenye mpango, picha ilikuwa imeshakamilika, Manoj Kumar, mwigizaji na mwongozaji wa picha, akaonyeshwa akasema imebana mno, mtazamaji hapati pa kupumua, wekeni wimbo. Wakaweka. Inasimuliwa kwamba Kishore alitaka tambuu ya kweli mdomoni wakati wa kurekodi na plastiki ikatandikwa chini atemee, na ukisikiliza vizuri unaweza kuamini maana maneno yanatoka kweli kama mtu ana kitu shavuni. Kishore akapata Filmfare ya mwimbaji wa kiume, na mwaka huo huo ya kike akachukua Asha Bhosle kwa wimbo mwingine wa Don hiyo hiyo, "Yeh Mera Dil".

Lakini usikimbie kumcheka kila anayesema Amitabh kaimba, kwa sababu Laawaris ya 1981, "Mere Angne Mein", pale ni yeye mwenyewe kabisa kwa sauti yake nzito. Toleo lake la kike ndo kaimba Alka Yagnik.

"Qurbani yote ni kazi yao"

Karibu yote. "Laila O Laila" ni yao, na anayeimba humo na Amit Kumar ni Kanchan, shemeji yao, mke wa Babla. Ila "Aap Jaisa Koi" ambayo ndo ilitikisa 1980 sio yao, ni ya Biddu, prodyuza aliyekuwa London, na sauti ni ya binti wa Kipakistani Nazia Hassan wa miaka 15. Ukiisikiliza baada ya nyingine utasikia tofauti, besi na ngoma zake ni za disko la Ulaya moja kwa moja.

"Walikuwa watu wa picha za ngumi tu"

Hii inatokana na miaka ya 70, zile tarumbeta na ngoma za kufukuzana na magari. Sasa mtu huyo mpe Saraswatichandra ya 1968, imetoka kwenye riwaya ya Kigujarati ya Govardhanram Tripathi, picha yenyewe nyeusi na nyeupe, muziki wa taratibu, na humo ndani wametia garba, ile ngoma ya asili ya Kigujarati, ya nyumbani kwao. Ndiyo iliyowapa Tuzo ya Taifa ya filamu ya India. Na Filmfare yao ya utunzi, ambayo waliipata mara moja tu, ni kwa Kora Kagaz ya 1974, ambayo haina ngumi hata moja ya kukumbukwa. Kwa maoni yangu hizo mbili zinazidi nusu ya zile picha zao za Amitabh, japo kwenye harusi hamna atakayekupigia.

"Walishinda Grammy na Black Eyed Peas"

Nusu ukweli. Mwaka 2005 Black Eyed Peas, kundi la Marekani, walitoa "Don't Phunk with My Heart", na humo wamesampo (yaani wamechukua vipande na kuviweka ndani ya wimbo wao) nyimbo mbili za hawa ndugu, "Yeh Mera Dil" ya Don na "Ae Naujawan" ya Apradh (1972). Watu wanataja Don tu, Apradh inasahaulika, wakati zote mbili zimo na zote ni Asha. Grammy ya 2006 ilikwenda kwa kundi lenyewe. Hawa ndugu kama watunzi walipewa tuzo ya BMI (shirika la Marekani la haki za watunzi), ambayo Kalyanji hakuiona, alishafariki miaka mitano kabla wimbo haujatoka.

Na ile albamu ya 1998, Bombay the Hard Way, watu wanadhani walikwenda Marekani kuirekodi. Ni Dan the Automator, prodyuza wa Kimarekani, kachukua muziki wao wa zamani akauongezea ngoma mpya. Majina kama "Fists of Curry" yamebandikwa huko huko, hivyo usihangaike kutafuta picha ya Kihindi yenye jina hilo.