Shule ya mkataba ni nini, na kwa nini wenyeji huikataa kabla haijajengwa

Shule ya mkataba, ambayo Wamarekani huiita charter school, ni shule inayolipiwa na kodi za wananchi lakini haiendeshwi na bodi ya elimu ya mahali ilipo. Huendeshwa na kikundi cha watu, mara nyingi taasisi isiyogawana faida, waliopewa hati na mamlaka ya umma. Hati hiyo hutaja watakachofundisha, idadi ya watoto watakaowapokea, kiwango ambacho wanafunzi wanapaswa kufikia, na muda wa ruhusa yenyewe, ambao aghalabu huwa kama miaka mitano. Wakishindwa kutimiza waliyoahidi, hati haihuishwi na shule hufungwa. Wao nao husamehewa sehemu kubwa ya kanuni zinazozibana shule za kawaida: huajiri walimu wao wenyewe, mara nyingi nje ya makubaliano ya chama cha walimu, hupanga saa za masomo na kuchagua mbinu za kufundishia.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea kwamba shule ni ya serikali, ya binafsi au ya dini, hii ni popo: ndege si ndege, mnyama si mnyama. Mzazi halipi ada. Hakuna mtihani wa kuingilia. Waombaji wakizidi nafasi, majina huchezeshwa bahati nasibu. Lakini mwalimu mkuu hawajibiki kwa diwani wala kwa bodi iliyochaguliwa kwa kura. Anawajibika kwa bodi ya taasisi yake, na kupitia hiyo kwa mamlaka iliyotoa hati.

Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya shule hizi lilikuwa Minnesota, mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata mjini St. Paul. Leo shule hizo zipo katika majimbo mengi ya Marekani na zina wanafunzi zaidi ya milioni tatu na nusu. Kinachosahaulika ni kwamba mmoja wa walioitangaza dhana hii alikuwa kiongozi wa chama cha walimu, Albert Shanker, katika hotuba yake ya mwaka 1988. Aliwaza kikundi cha walimu ndani ya wilaya wakipewa nafasi ya kujaribu mbinu mpya, hasa kwa watoto walioshindikana katika shule za kawaida. Miaka michache baadaye alianza kuikosoa, kwa sababu chombo alichokitetea kwa ajili ya walimu kilikuwa kimeanza kushikwa na watu wengine.

Sasa tuje kwenye upinzani wenyewe. Tunaposema jamii inapinga shule ya mkataba inayopendekezwa, tunazungumzia kipindi maalumu: ombi limeshawasilishwa lakini uamuzi haujatoka. Waombaji hupeleka andiko refu kwa mtoa hati, ambaye kulingana na sheria ya jimbo anaweza kuwa bodi ya elimu ya wilaya, chuo kikuu au tume ya jimbo. Kisha huitishwa mkutano wa hadhara. Watu hujiandikisha kuzungumza, kila mmoja hupewa dakika mbili au tatu, na kengele ikilia anakaa. Hapo ndipo upinzani huonekana: wazazi waliovaa fulana za rangi moja, walimu waliotoka kazini moja kwa moja, mstaafu mwenye karatasi ya hesabu mkononi, na upande wa pili wazazi wengine wanaotaka shule hiyo kwa moyo wote. Nje ya ukumbi kuna kukusanya saini, kuwaandikia wabunge wa jimbo, na uchaguzi wa wajumbe wa bodi ya elimu, ambao katika miji mingine umegeuka kuwa kura ya shule za mkataba na si kitu kingine.

Mtu wa mbali hudhani wapinzani wanasema shule itakuwa mbaya. Wakati mwingine husema hivyo. Lakini ukiwasikiliza vizuri, hoja yenye mizizi ni ya hesabu, na inafaa tuitazame polepole.

Shule za Marekani hupata fedha kulingana na idadi ya wanafunzi, na karibu nusu ya fedha hizo hutoka mahali penyewe, hasa kwenye kodi ya majengo. Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya ina watoto 10,000, na kila mmoja anafuatana na dola 12,000 kwa mwaka. Shule mpya ya mkataba inafunguliwa na kuchukua watoto 300. Dola milioni 3.6 zinaondoka nao. Watoto hao 300, hata hivyo, hawatoki darasa moja wala shule moja. Wametoka katika shule 30, kumi hapa, kumi pale, huyu darasa la pili, yule la sita. Darasa lililokuwa na watoto 24 sasa lina 23. Mwalimu hawezi kupunguzwa, paa halipungui, na basi la shule linapita njia ileile likiwa na kiti kimoja kitupu. Fedha zimemfuata mtoto, gharama zimebaki. Baada ya miaka mitatu minne bodi inaanza kufuta somo la muziki, inapunguza wauguzi wa shule, na mwishowe inafunga shule ya mtaa ambayo haikuwa na kosa lolote.

Tanzania hoja hii isingekuwa na makali hayo. Ruzuku iliyopangwa kwa shule tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na mshahara wa mwalimu hutoka serikalini hata wanafunzi watano wakihama darasani kwake. Hakuna mwenye nyumba wa Mwananyamala anayeona kodi yake ikihama na mtoto wa jirani. Marekani anaiona.

Watetezi wana jibu, na si jibu dhaifu. Fedha, wanasema, ni za kumsomesha mtoto na si za kuitunza wilaya. Kama wilaya inapoteza wanafunzi kila mwaka, ipunguze majengo na ofisi kama taasisi nyingine yoyote. Majimbo mengine huifidia wilaya kwa muda ili ipate nafasi ya kujipanga. Massachusetts ilikuwa na utaratibu kama huo, ila bunge la jimbo halikuwa likiutengea fedha zote kila mwaka.

Massachusetts ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaondoa kisingizio cha ubora. Shule za mkataba za Boston ni miongoni mwa zilizochunguzwa zaidi nchini humo, na watafiti waliolinganisha watoto walioshinda bahati nasibu na walioshindwa walikuta walioshinda wakifanya vizuri zaidi. Mwaka 2016 wananchi waliulizwa kwa kura ya jimbo zima kama waruhusu hadi shule 12 mpya au zilizopanuliwa kila mwaka, juu ya kikomo kilichokuwepo. Gavana Charlie Baker aliunga mkono. Fedha za kampeni za pande zote mbili zilizidi dola milioni 40, na upande wa "ndiyo" ndio uliotumia nyingi zaidi. Bodi za elimu za mahali zaidi ya 200 zilipitisha maazimio ya kupinga. Matokeo: asilimia 62 walisema hapana. Mwaka uliofuata, moja ya taasisi zilizofadhili upande wa "ndiyo" ilitozwa faini ya zaidi ya dola 426,000 kwa kuficha majina ya wachangiaji wake. Watu walikuwa wakiuliza ni nani anayelipia matangazo yote yale. Kumbe waliuliza swali sahihi.

Swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalowachoma watu zaidi, ni nani mwenye kauli ya mwisho. Tennessee inalionyesha wazi.

Mwaka 2012 taasisi ya Great Hearts kutoka Arizona iliomba kufungua shule Nashville. Bodi ya elimu ya jiji ilikataa. Hofu yake ilikuwa kwamba shule ingewekwa upande wa magharibi wa jiji, wanakoishi wazungu wenye uwezo, bila mpango wa usafiri unaoeleweka. Mtoto asiye na mzazi mwenye gari angefikaje? Great Hearts ikakata rufaa kwa bodi ya elimu ya jimbo, ambayo iliagiza Nashville itoe kibali. Nashville ikakataa tena. Great Hearts ikaondoka, jimbo likazuia dola milioni 3.4 za jiji hilo, na mwaka 2014 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuiwezesha bodi ya jimbo kutoa hati yenyewe pale rufaa inapokatwa katika baadhi ya wilaya. Sheria ya mwaka 2019 iliunda tume maalumu ya shule za mkataba kwa kazi hiyo.

Miaka kumi baada ya Nashville, gavana Bill Lee alitangaza ushirikiano na Hillsdale, chuo cha kihafidhina kilichoko Michigan, na taasisi yenye uhusiano na chuo hicho ikaomba hati katika kaunti tatu. Wakati maombi yakisubiri uamuzi, ilirushwa hewani video iliyorekodiwa kwa siri ikimwonyesha rais wa chuo hicho, Larry Arnn, akidai kwamba walimu husomea katika sehemu za kijinga kabisa za vyuo vya kijinga kabisa. Gavana alikuwa ameketi hapohapo. Tennessee nje ya miji mikubwa ni ngome ya Republican, chama cha gavana huyo, lakini huko mwalimu ni shemeji yako, ni mwanakwaya mwenzako, ni mtu aliyemfundisha mama yako kusoma. Bodi zote tatu zilikataa. Rufaa zikapelekwa kwenye tume ya jimbo, kisha zikaondolewa kabla ya uamuzi. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilirudi kuomba, na safari hii Rutherford, mojawapo ya kaunti zilizoikataa, ikapitisha ombi.

Ukiwaona watu wa chama kimoja wakizomeana namna hiyo, utaelewa kuwa mgawanyiko huu haufuati vyama jinsi magazeti yanavyopenda kuuchora. Clinton na Obama, wa Democratic wote wawili, waliziunga mkono shule za mkataba.

Zipo sababu nyingine, nitazipitia haraka. New York ugomvi mkubwa umekuwa wa majengo: shule ya mkataba hupewa ghorofa moja ndani ya shule ya umma iliyopo, na watoto wa pande mbili hugawana ukumbi, maktaba na saa ya chakula cha mchana, hawa wakila saa nne asubuhi ili wale wapate meza. Mahali pengine ni foleni ya magari asubuhi, jambo dogo machoni pa mwanaharakati lakini kubwa kwa mtu anayeishi barabarani hapo. Wazazi wa watoto wenye ulemavu huuliza kama shule itawapokea kweli au itawashauri kwa upole watafute kwingine. Oklahoma ilikuja na jipya kabisa, shule ya mkataba ya Kikatoliki. Ilipewa kibali mwaka 2023, ikazuiwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2024, na mwezi Mei 2025 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakagawanyika nne kwa nne, hivyo kizuizi kikabaki.

Neno "jamii" lenyewe linahitaji tahadhari, kwani jamii inayopinga na jamii inayotaka mara nyingi hukaa mtaa mmoja. Oktoba 2016, NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilikutana Cincinnati kuidhinisha azimio la kusimamisha upanuzi wa shule za mkataba. Wazazi Weusi walisafiri kutoka Memphis kwenda kuandamana nje ya mkutano huo. Hoja yao: ninyi mnatetea mfumo, sisi tuna mtoto wa miaka saba, na shule ya mtaani kwetu haijamfundisha kusoma. Sijaona mpinzani aliyelijibu hilo vizuri mbele ya mama mwenye mtoto huyo.

Kwa Waswahili walioko Marekani mjadala huu si wa mbali. Louisville, Kentucky, ina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na watoto wao wanasoma katika shule za umma za huko. Kentucky ilipitisha sheria ya kuruhusu shule za mkataba mwaka 2017 lakini bila njia ya kuzilipia. Mwaka 2022 bunge la jimbo likaongeza njia hiyo, pamoja na sharti kwamba Louisville iwe mojawapo ya sehemu mbili za majaribio. Gavana Andy Beshear akaikataa sheria, bunge likampiku, na Desemba 2023 jaji akaitangua kwa kuwa inakwenda kinyume na katiba ya jimbo. Ndipo wabunge wakaomba wananchi wabadilishe katiba yenyewe, ili fedha za umma ziweze kwenda nje ya mfumo wa shule za kawaida, zikiwemo shule za binafsi. Novemba 2024, siku ileile Kentucky ilipompa Trump ushindi mkubwa, pendekezo hilo lilishindwa katika kaunti zote 120. Sheria ya kwanza ilikuwa imetimiza miaka saba, na hakuna hata shule moja ya mkataba iliyokuwa imefunguliwa.