Kadari na hiari: nani anapanga?

Tulikuwa msibani Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini, tunamenya ndizi za kupika. Marehemu alikuwa kijana wa bodaboda. Mzee mmoja akasema, "Siku yake ilikuwa imefika. Mungu ndiye aliyepanga." Mama aliyekaa karibu nami akauliza bila kuinua macho kwenye kisu, "Na helmeti iliyokuwa inaning'inia kwenye usukani, nayo ilipangwa, mzee wangu?" Hakujibiwa.

Mzee alisema kadari: kila jambo limekwisha kuamuliwa kabla halijatokea. Mama alisema hiari: mtu huchagua, na angeweza kuchagua vingine. Kadari haihitaji hata Mungu. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Laplace aliandika kwamba akili ambayo ingejua nguvu zote za maumbile na mahali pa kila kitu kwa sasa, ingeijua kesho sawasawa na jana.

Kwa mwenye imani, swali linauma zaidi. Kama yote yamepangwa, hukumu ni ya nini? Na kama mtu yuko huru kabisa, Mungu anatawala nini?

Mwaka 1524 Erasmus, msomi Mkristo wa Uholanzi, alitetea hiari. Mwaka uliofuata Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, akamjibu kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa, hauwezi kujiokoa. Lakini hata Luther, ambaye wafuasi wake ni wengi sana huku Kilimanjaro, alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini ya mtu, kama mali yake, hiari ipo, ingawa nayo iko mikononi mwa Mungu. Ubishi wake ulihusu wokovu. Helmeti, kwa maoni yangu, iko upande wa mali.

Waislamu wana kisa cha Khalifa Omar. Akiwa njiani kwenda Shamu, yaani Siria na jirani zake, alisikia kuna tauni huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko Shamu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Nalipenda sana jibu hilo, kwa sababu linaihesabu hata hatua ya kurudi kuwa ndani ya mpango.

Mzee wetu alimwambia mama wa marehemu maneno yale yale, naye akatulia kidogo, akanywa uji. Kwake yalifaa. Vijana waliokuwa wamepaki pikipiki nje ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, nao waliyasikia, na hao ndio walionitia wasiwasi.