Kabla ya kupanda mti wa haraka, jua utakavyoutoa
Wenye mashamba yaliyochoka hutuuliza sana: hakuna mti unaoota upesi pale ambapo hata nyasi imeshindwa? Upo, tena si mmoja. Ila mti wenye ubavu wa kuota kwenye jiwe tupu haushindwi kuvamia shamba la jirani.

Tuanze Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu 1954, kikaacha uwanja mweupe usio na udongo, na maji ya chumvi karibu chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti. Zilizosimama ni tatu tu, mvinje (casuarina) ukiwa mbele. Mizizi ya mvinje huishi na bakteria waitwao Frankia, wanaonasa naitrojeni hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana miche ilitiwa udongo uliochotwa chini ya mivinje iliyokomaa, ipate bakteria hao.

Lakini majani makavu ya mvinje yana tanini nyingi, kemikali chungu ya mimea, hayaozi upesi, yakawa yanarundikana tu. Wakaletwa majongoo, wale wa miguu myekundu ambao kila mtoto wa pwani amewahi kuwachokoza wakajikunja. Walikula majani hayo, na kinyesi chao kikawa mboji. Sifa zote hupewa mti. Mimi ningewapa majongoo nusu. Penye mboji hiyo ilipandwa miti ya asili, na mivinje ikavunwa kwa nguzo na kuni. Ilikubali kutoka, kwa sababu kisiki cha mvinje huchipua kwa shida na mche wake hautaki kivuli. Hata hivyo si mti wa kuachiwa: Florida, Marekani, umevamia fukwe na kuwazibia kasa mahali pa kutagia, hadi ukapigwa marufuku.

Baringo, Kenya, hali ni nyingine. Mathenge, mti wa miiba uitwao kitaalamu Prosopis, uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, na kazi hiyo uliifanya. Lakini ukiukata, kisiki kinatoa machipukizi tele. Mbuzi hula maganda matamu, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na kuangushwa mbali pamoja na samadi. Utamu huo huozesha meno ya mbuzi: katika kesi ambayo wakazi waliifungua dhidi ya serikali mwaka 2006, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani Nairobi kuwa ushahidi.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua miche, uliza kama kisiki kinachipua, mbegu inabebwa na nani, na kama kuna mto au malisho karibu. Uliza pia nani atanunua nguzo, maana mti usio na mnunuzi haukatwi.

Kama mathenge umeshaingia kwako, usikate juu juu. Fukua kidogo, ukate shina chini ya pale linapochipulia. Maganda yaokote kabla mifugo hawajayafikia, uyasage vizuri pamoja na mbegu zake ndipo uwalishe. Mbegu iliyosagwa haioti.