Mwalimu wa kwaya na kondakta ni kazi mbili

Kwaya ya Dar es Salaam ikifanya jubilei, risala haikosi kipengele cha "makondakta wetu tangu mwanzo". Ukisikiliza majina yanayosomwa, wengi wao ni walimu wa kwaya, na tofauti ipo.

Kondakta ni yule anayeongoza waimbaji wimbo unapoimbwa: anaingiza sauti, anashika mwendo, anakata mwisho. Basi. Mwalimu ndiye aliyeufanya wimbo huo uimbike. Kuwachanganya ni rahisi, kwa sababu katika kwaya zetu nyingi mtu huyohuyo anafundisha, anaongoza na mara nyingi ndiye mtunzi. Lakini siku ya mashindano mwalimu anaweza kumwachia mwanafunzi wake aongoze, yeye akasimama nyuma na besi, waimbaji wa sauti nzito ya chini, kuwashikia sauti. Jina linalobaki kwenye kumbukumbu ni la aliyepunga mikono. Hilo ndilo linaloniuma.

Nendeni mazoezini jioni mkaone. Watu wanaingia mmojammoja kutoka kwenye foleni, wengine bado na mikoba ya kazini. Mwalimu ameandika ubaoni solfa, yaani do, re, mi hadi ti kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili zikitenganisha mapigo, vistari vikionyesha noti inayovutwa. Anaanza na sauti ya tatu peke yao. Anawaimbia, wanarudia, wanateleza palepale kwenye f, anawarudisha. Sauti ya kwanza wanasubiri. Anawaunganisha na besi, anasikia besi wanashuka, anasimamisha wote. Mstari mmoja unaweza kumaliza jioni nzima, na muda wote huo hajaongoza wimbo hata mmoja.

Solfa hiyo ndiyo iliyomlea mwalimu wa kwaya tunayemjua. Ilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mhubiri John Curwen, akiendeleza njia ya mwalimu Sarah Glover, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa sauti nne bila kusoma noti za mistari mitano. Wamisionari wakaileta Afrika, shuleni na kanisani, na mara nyingi aliyefundisha darasani mchana ndiye aliyefundisha kwaya jioni. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa namna hiyo, katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, akiongoza kwaya na kuitungia nyimbo. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, na tuni yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika, wimbo wetu wa taifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya zilipoimba siasa ya Ujamaa mashuleni, jeshini na viwandani, waimbaji hao nao walihitaji mtu wa kuwagawia sauti na kuwafundisha.

Kwa hiyo, makatibu mnaoandaa risala, wekeni vichwa viwili: walimu kwanza, kisha makondakta. Aliyefanya kazi zote mbili mwandikeni kote kuwili. Na kama yupo mzee aliyewafundisha sauti kisha akakaa nyuma na besi, muulizeni jina lake kamili kabla risala haijachapwa.