Programu chaguo-msingi ni nini, na kwa nini faili yako hufungukia kwingine

Mwanafunzi anaingia steshenari jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, anachomeka flashi na kubofya mara mbili ripoti yake ya utafiti. Word ipo kwenye kompyuta hiyo, lakini ripoti inafunguka kwenye programu nyingine kabisa. Majedwali yamehama, kurasa zimeongezeka, namba za ukurasa wa yaliyomo hazilingani na zilizo ndani. Mwenye duka anahisi flashi ina tatizo, mwenye flashi anahisi kompyuta ina virusi. Mara nyingi si hili wala lile. Kilichobadilika ni programu chaguo-msingi ya faili za aina hiyo.

Programu chaguo-msingi ni ile ambayo kompyuta huiita yenyewe pale unapobofya faili bila kuiambia ifungue kwa kutumia nini. Ni mapatano tu kati ya aina ya faili na programu, na yameandikwa kwenye mipangilio ya kompyuta. Ndani ya faili hakuna kitu kama hicho. Ndiyo maana flashi ileile hufungua Word nyumbani, na dukani ikafungua kitu kingine.

Aina ya faili Windows huijua kwa kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina: .docx, .pdf, .jpg, .csv. Haichungulii ndani kuona kuna nini. Hapo ndipo wengi hukosea: PDF ikigoma kufunguka kwenye Word, wanaipa jina jipya lenye .docx mwishoni. Ukibandua lebo ya mvinyo kwenye chupa ukabandika ya juisi ya zabibu, kilichomo ni mvinyo bado. Word itaifungua faili hiyo kwa kuamini jina, ikute kitu kingine, iseme faili imeharibika. Rudisha jina la awali na faili itakuwa nzima kama mwanzo.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya viendelezi vionekane, maana Windows huvificha isipoambiwa vinginevyo. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10 kisanduku hichohicho kiko moja kwa moja chini ya "View". Faida yake si ya leo tu. Faili inayoitwa matokeo.pdf.exe, viendelezi vikifichwa, huonekana kama matokeo.pdf, kumbe ni programu inayosubiri ubofye.

Njia iliyo sawa kwa Windows 10 na 11 ni hii. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", tafuta mstari wa "Opens with", bofya "Change", chagua programu unayoitaka, kisha thibitisha. Kuanzia hapo faili zote zenye kiendelezi hicho zitafuata, si ile moja tu. Kama programu haimo kwenye orodha, kuna chaguo la kuitafuta mwenyewe kwenye kompyuta. Nyingi hukaa ndani ya C:\Program Files. Na kama unataka mara moja tu, tumia "Open with" bila kuthibitisha kuwa iwe ya kudumu. Kwenye kompyuta ya steshenari au ya maabara ya chuo hiyo ndiyo adabu, kwa sababu anayekuja baada yako atarithi chaguo lako.

Kila kiendelezi husimama peke yake. Ukipanga .docx hujagusa .doc, ule muundo wa zamani uliotangulia Word 2007. Ukipanga .jpg, .jpeg itabaki ilipo. Mipangilio hii pia ni ya kila akaunti: watu wawili wanaotumia kompyuta moja kwa akaunti tofauti, kila mmoja ana yake.

PDF nayo ina ya kwake. Kwenye Windows 10 na 11 hufungukia Microsoft Edge hadi uchague nyingine. Tangu Windows 8, chaguo lako huhifadhiwa pamoja na alama ya uhakiki, ili programu isijipachike kimyakimya. Alama isipolingana, Windows hulitupa chaguo hilo, hurudisha programu yake na kukupa taarifa kuwa imefanya hivyo. Kwa hiyo ukiona PDF zinarudi Edge kila mara, kwanza chunguza kama kuna programu inayojaribu kujiweka kwa mlango wa nyuma.

Kiendelezi kinachostahili kuangaliwa kuliko vyote, hasa kwa maofisi ya Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma, yanayopokea orodha kutoka kwenye mifumo, ni .csv, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu. Ofisi nyingi faili hizi hufungukia Excel. Excel ikikuta tarakimu tupu huzihesabu kuwa namba za hesabu. Namba ya simu 0712345678 inakuwa 712345678, sifuri imekwenda. Namba ya malipo ya tarakimu 12 inaonyeshwa kwa kifupi chenye E+11. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, ikiandikwa bila vistari, ndiyo inayoumia kabisa: Excel hutunza tarakimu 15 za kwanza, na tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukifungua na kufunga bila kuhifadhi, faili iko salama. Ukihifadhi, zile tano hazirudi.

Dawa yake ni kuifanya Notepad iwe programu chaguo-msingi ya .csv. Ukihitaji jedwali, fungua Excel kwanza, nenda "Data", chagua "From Text/CSV", bofya "Transform Data", kisha zipe safu za simu na NIDA aina ya maandishi kabla ya kupakia. Ni hatua chache zaidi, lakini ni nafuu kuliko kuanza kuomba upya namba za NIDA za watu mia mbili.

Kwenye Mac, bofya faili mara moja, bonyeza Command na I, chagua programu chini ya "Open with", halafu "Change All". Ukisahau hicho kitufe cha mwisho, umebadilisha faili hiyo moja tu. Linux huangalia aina ya faili kwa upana zaidi, na chaguo lako huandikwa kwenye faili iitwayo mimeapps.list ndani ya folda ya .config.

Kwenye simu za Android kosa la kawaida ni kugusa "Always" kwa haraka wakati ulitaka "Just once". Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, chagua ile iliyojipachika, ingia "Open by default" na ufute chaguo lake. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo simu hadi simu. Ukigusa faili tena, simu itakuuliza upya.