Kadi za waigizaji wa kale: anza na mgongo wake

Mtu akipata kadi ya picha ya mwigizaji wa enzi ya Malkia Victoria hukimbilia sura. Sisi tunaotunza picha hizi huigeuza kwanza.

Chukua zile kadi ndogo za Marekani, kama sentimita 6 kwa 10. Ukikuta nyuma yake stempu ya kodi, ujue iliuzwa kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kipindi ambacho serikali ilitoza kodi ya picha kwa sababu ya gharama za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina lililoandikwa kwa wino pembeni halina uhakika huo. Huenda liliandikwa na mjukuu aliyekuwa anakisia.

Biashara yenyewe ilikuwa kubwa. Huko New York, mpiga picha Napoleon Sarony aliwalipa nyota wa jukwaa ili wapigwe picha kwake, kisha akarudisha fedha yake kwa kuwauzia mashabiki nakala. Kampuni moja ilipochapa picha yake ya mwandishi Oscar Wilde bila ruhusa, alikwenda mahakamani, na mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba picha nayo ina hakimiliki.

Wakusanyaji wengi hukosea hapa: hudhani wanatazama onyesho. La hasha, hiyo ni studio. Ilibidi mtu atulie tuli sekunde kadhaa, kwa hiyo kisogo kiliegemezwa kwenye chuma chenye stendi. Chunguza karibu na visigino, mara nyingine mguu wa stendi unachungulia nyuma ya vazi.

Rangi nayo haipo. Mwigizaji Mwingereza Ellen Terry alipoigiza Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, katika ukumbi wa Lyceum, London, kuanzia Desemba 1888, gauni lake la kijani lilishonewa mabawa ya mende wanaong'aa. Kwenye picha za studio ya Window & Grove mng'ao huo umepotea. Gauni lenyewe bado lipo Smallhythe Place, Kent, iliyokuwa nyumba yake.

Picha nyingi za aina hii zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, na mwanga na unyevu huifanya iwe ya njano na kufifia. Usiitundike ukutani penye jua wala kuigusa kwa selotepu. Maelezo yako yaandike kwa penseli, juu ya bahasha. Na ikiwa imo kwenye albamu ya zamani, usiivute kwa nguvu: karatasi ya kidirisha ambamo kadi imechomekwa imeshakauka, itachanika kabla kadi haijatoka.